Nimeenda Nairobi Kumtafuta Mpagazi

Kwanza samahani kwa ukimya wa wiki mbili. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimepata kazi kubwa nikawasahau. Hapana jamani, kazi ni ile ile na mshahara ni ule ule. Nilikuwa safarini Nairobi. Nilikwenda kwenye ibada ya kuwakumbuka askari waliokufa katika vita kuu mbili za dunia, ile inayofanyika kila Novemba kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong.

Najua swali linalofuata. Mbongo, tena wa ukoo wa wafugaji wa Dodoma, ana shughuli gani na ibada ya Waingereza, tena nchi ya watu? Nipe nafasi nieleze.

Wewe unayekaa Dar es Salaam umepita pale Posta mpya mara ngapi? Ile sanamu ya Askari katikati ya mzunguko, ameinama na bunduki yake yenye singe, ameielekeza bandarini. Ilisimamishwa mwaka 1927. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamemweka pale Hermann von Wissmann, gavana wao. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 wakamng'oa, na baada ya miaka kadhaa akaja huyu Askari wetu. Nimepita pale tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo, nimeshapanga miadi pale, nimeshanyeshewa mvua pale. Siku moja mhariri akanituma kuandika habari ndogo kuhusu sanamu za mjini, ndipo kwa mara ya kwanza nikasogea nikasoma maandishi ya chini yake. Yanawataja askari, halafu yanawataja wapagazi, wale waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Nikainua macho tena. Juu ya nguzo kasimama askari peke yake. Miguu na mikono ya jeshi imebaki kwenye maandishi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi.

Bibi yangu, mama yake baba, ana miaka zaidi ya themanini na anaishi kijijini kwetu Ugogo. Tangu nikiwa mdogo amekuwa akitusimulia habari za babu yake. Wajerumani walipita wakachukua ng'ombe. Halafu wakaja Waingereza, nao wakachukua ng'ombe waliobaki, na safari hii wakachukua na wanaume. Babu yake bibi alikuwa mmoja wao. Aliondoka na wenzake wakiwa kwenye mstari, na huo ndio mwisho wa habari zake. Hakuna barua, hakuna aliyerudi akasema nimemwona akianguka mahali fulani. Mkewe alimngoja, na njaa ikamkuta akingoja. Wagogo wanaiita njaa ile Mtunya. Ilianza 1917 ikaendelea hadi 1920, na inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000 katika wilaya ya Dodoma peke yake. Haikuletwa na ukame tu. Nafaka, mifugo na nguvu za kulima vilikuwa vimekwenda vitani.

Basi nilipoisoma ile sanamu nilijiuliza: huyu mzee wetu yuko wapi? Nikaambiwa kuwa Nairobi ipo sanamu ya namna hiyo hiyo, ila kule wako watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Rafiki yangu mwandishi wa habari wa kule akanipigia: "Msee, njoo Novemba. Kuna ibada ya kumbukumbu, nitakutafutia nafasi. Na sanamu utaiona." Nikaomba likizo ya siku sita.

Nilipanda basi Mbezi alfajiri. Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha, Namanga. Ukiwa na dirisha na kitabu, safari hiyo ni somo tosha la historia. Kuanzia Same milima ya Upare inakusindikiza mkono wa kulia, na reli ya Tanga iko njia hiyo hiyo. Jeshi la Uingereza lilipita humu mwaka 1916 likimfukuza Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Mbele kidogo, upande wa Kenya, ndipo ilipo Taveta, mji ambao Wajerumani waliuteka Agosti 1914, vita ikiwa changa kabisa. Waingereza hawakuurudisha hadi Machi 1916.

Sasa nieleze kidogo kuhusu hao wapagazi, kwa sababu shuleni tulipitishwa juu juu.

Vita ya Ulaya ilikuwa ya reli, farasi na malori. Huku kwetu farasi na maksai waliingia kwenye mbu'ga za mbung'o wakafa kwa maelfu. Barabara hazikuwepo, na mvua ikinyesha hata zile chache zilikuwa tope. Kikabaki chombo kimoja cha usafiri: kichwa cha mwanadamu. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kama kilo 25, ukiwa unga, risasi, au kipande cha mzinga. Lakini mpagazi naye anakula. Jeshi likisogea mbali na reli, mizigo mingi zaidi inakuwa chakula cha wapagazi wenyewe, kwa hiyo wanahitajika wapagazi wengine wa kubeba chakula cha wapagazi. Ukipiga hesabu hiyo kutoka Moshi mpaka Ruvuma na kuingia Msumbiji, utaelewa kwa nini Waingereza peke yao waliandikisha zaidi ya watu milioni moja. Walitoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kongo na kwingineko. Wajerumani nao walikuwa na wa kwao, na wengi wa hao hawakuandikwa mahali popote.

Usifikiri walijitolea. Kenya ilitungwa sheria ya kuwalazimisha mwaka 1915, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa chini ya ofisa aliyeitwa John Ainsworth. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa. Mtu wa bara la baridi anapelekwa bondeni kwenye malaria, aliyezoea ndizi au uwele anapewa unga wa mahindi ambao hakuna muda wala sufuria ya kuupika ukaiva. Wakaharisha damu, wakapata homa ya mapafu, wakafia njiani. Wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hesabu inayotumiwa sana ni vifo kama 95,000 kwa upande wa Uingereza, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi inapita 100,000.

Jina la jeshi lao kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka walivyoweza. Dar es Salaam likawa Kariakoo. Nairobi likawa Kariokor. Kila ukisema "nashuka Kariakoo" unawataja wafu hao bila kujua. Mimi nimelitamka jina hilo maelfu ya mara kwa ajili ya viatu vya mtumba.

Niliingia Nairobi usiku, baridi imenishika barabara. Kesho yake, Jumamosi, rafiki yangu akanipeleka Kenyatta Avenue. Sanamu ile ipo, ya mwaka 1928. Wanaume watatu wa shaba wamesimama pamoja. Wawili wana silaha. Wa tatu hana. Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta.

Sijui nilitegemea nini. Nilisimama nikamwangalia uso kama mtu anayetafuta sura ya ukoo. Watu wanapita na mifuko yao, kijana mmoja ameegemea uzio anachati. Maandishi chini ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na inaelezwa kuwa yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Kiingereza. Yanatoa ahadi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Nikamwambia rafiki yangu, "Ahadi hiyo sisi tumeitimiza. Bibi analijua jina. Wenye kalamu ndio hawalijui."

Akacheka, halafu akanibana. Akasema, "Lakini msee, nchi gani waliipigania? Huyu alibebeshwa mzigo wa mkoloni. Kesho tunaenda kumshukuru nani?"

Swali zuri, nalo lilinisumbua usiku kucha.

Jumapili asubuhi tukafika barabara ya Ngong. Rafiki yangu alikuwa ameniambia nivae koti, "huku si Dar," na alisema kweli. Makaburi yako karibu na msitu, majani yamekatwa vizuri, mawe yamepangwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Hapa wamelala karibu watu elfu mbili wa vita ya pili. Upo pia ukuta wa kumbukumbu wa wale wasio na kaburi. Wengi wao walikufa Februari 12, 1944, katika meli iliyoitwa Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki kuelekea Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Manowari ya Kijapani ikaipiga katika Bahari ya Hindi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300. Nilitembea kando ya ukuta nikisoma majina. Mengine ungeyakuta leo kwenye daftari la mahudhurio la shule yoyote ya huku kwetu.

Ibada yenyewe haina makeke. Mabalozi, maofisa wa jeshi wenye nishani, wazungu wazee, Wahindi, Wakenya wa rika zote. Kila mtu amebandika ua jekundu la popi kifuani. Sala zikaombwa. Mpiga tarumbeta akapiga ule wimbo wa mazishi ya kijeshi. Kisha kimya cha dakika mbili.

Katika kimya kile nilifanya nilichoagizwa. Kabla sijasafiri bibi aliniambia kwa simu, "Mjukuu wangu, ukifika huko kwa hao watu, litaje jina lake." Nikalitaja kwa sauti ya chini, jina lake na la baba yake. Hapa sitaliandika, maana bibi hataki jina la marehemu lizagae mitandaoni, na nimemwahidi.

Jambo moja kuhusu tarehe. Dunia inakumbuka Novemba 11 kwa sababu siku hiyo mwaka 1918, saa tano asubuhi, bunduki zilinyamaza Ulaya. Huku kwetu hazikunyamaza. Novemba 13 askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa wanaingia Kasama, Rhodesia ya Kaskazini. Alijisalimisha rasmi Novemba 25 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia, siku kumi na nne baada ya amani ya Ulaya. Na hata hapo wapagazi waliendelea kufa, maana homa kuu ya mafua ya mwaka huo iliwakuta wamechoka na kukonda. Kwa hiyo kile kimya ni cha saa yao. Saa ya kwetu ilikuwa bado.

Mashada yalipokwisha kuwekwa, nikakaa kwenye ngazi karibu na mzee mmoja, umri wake kama miaka sabini na tano. Alikuwa amevaa nishani upande wa kulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Wewe ni wa Tanzania." Akacheka. "Hapa hakuna kijana wa kunipa shikamoo."

Akanieleza kuwa nishani ni za marehemu baba yake, aliyepigana Burma mwaka 1944, ndiyo maana anazivaa kulia na si kushoto. Baba yake alirudi, akanunua baiskeli, akazaa watoto tisa, na hakutaka kuulizwa habari za Burma mpaka kufa kwake.

"Na wako amelala mstari gani?" akaniuliza.

"Hana mstari, mzee. Alikuwa mpagazi wa vita ya kwanza. Hajulikani alipofia."

Akanyamaza. Kisha akasimama, akanishika mkono, akanipeleka kwenye jiwe moja ambalo halina jina. Yapo machache pale, ya watu wasiotambuliwa. Jiwe linasema tu kwamba mtu huyu anajulikana kwa Mungu.

"Kaa na huyu kidogo," akasema, "nami nitakungoja."

Baadaye nikasoma nikajua kuwa maneno ya kwenye mawe kama lile yalichaguliwa na Kipling yule yule wa kwenye sanamu. Alikuwa mshauri wa tume ya makaburi ya vita ya Waingereza. Mtoto wake wa kiume alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na baba yake alimtafuta kwa miaka bila kuupata mwili wake. Alijua maana ya kukosa kaburi. Tume yake ilitangaza kuwa wafu wote watatendewa sawa, bila kujali cheo wala rangi, kila mmoja kwa jina lake.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti kuhusu wale iliowaacha. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wanafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Katika miaka ya 1920 maofisa walidai kuwa Waafrika hawana desturi ya kujali makaburi yaliyowekewa alama, hivyo wapagazi wanatosha kwa sanamu ya pamoja, na makaburi yao yaachwe yarudi porini. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni Aprili mwaka huo akaomba radhi.

Nilipoisoma sehemu hiyo ya desturi nilimfikiria bibi. Huyu mama anataja mababu wa ukoo vizazi saba bila kushika karatasi. Eti hatujali wafu.

Hata mishahara yao ina habari yake. Oscar Watkins, ofisa aliyekuwa mkuu wa jeshi la wapagazi Nairobi, aliipigania fedha ya marehemu ambao hakuna aliyejitokeza kuwadai, itumike kwa faida ya Waafrika. Serikali yake ilikataa. Fikiria mjane wa Ugogo mwaka 1919, katikati ya Mtunya, angejitokezaje Nairobi kudai?

Sasa nirudi kwenye swali la rafiki yangu. Tulikuwa tunamshukuru nani?

Jibu langu ni kwamba sikwenda kushukuru. Mzee wetu hakumfia mfalme, alichukuliwa. Kumkumbuka hakuhitaji tukubali sababu ya waliomchukua. Nilikwenda kudai, kwa njia pekee niliyoweza, kwamba alikuwepo. Tukisema tusiwakumbuke kwa sababu walibeba mzigo wa mkoloni, tutakuwa tunamaliza kazi ile ile waliyoianza maofisa wa miaka ya 1920. Wao walisema hawa hawahitaji majina. Sisi tutakuwa tumekubali.

Na mambo yanaanza kubadilika, ingawa polepole. Novemba 2023 Mfalme Charles alipozuru Kenya alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor. Januari 2025 Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita ya kwanza wakifanya kazi za jeshi bila silaha. Kila mtu ana nguzo yake ya mti yenye jina lake. Miaka mia moja na ushee imepita, lakini majina yalipatikana kwa sababu kuna watu walikwenda kuyatafuta kwenye makabrasha.

Kwetu je? Tuna Siku ya Mashujaa Julai 25, tuna Kaboya kule Kagera walikolala vijana wetu wa vita ya 1978 na 1979, na ni haki kabisa. Tunayo hata makaburi ya vita hapa Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo. Kumbe nilipanda basi siku nzima kwenda Nairobi wakati kila wiki napita mbele ya mengine kwenye daladala! Nakiri. Wakati mwingine lazima uende mbali ndipo uone cha nyumbani. Lakini Kariakoo yenyewe, mahali penye jina lao, sijaona palipoelezwa kwa mnunuzi wa viatu kwamba hapa walilala wapagazi. Soko liliungua Julai 2021, likajengwa upya kwa fedha nyingi. Kibao kimoja kingegharimu kiasi gani?

Jumatatu kabla ya kupanda basi nilipita soko la Kariokor. Nikala nyama choma, nikamnunulia bibi kiondo. Nikamuuliza mama aliyeniuzia kama anajua maana ya jina la soko lake. Akasema, "Si ni jina tu?" Nikamweleza kwa ufupi. Akanipunguzia shilingi hamsini.

Juzi nikaenda Dodoma kumpelekea bibi kiondo chake. Akakigeuza geuza, akauliza:

"Jina lake umeliona huko?"

"Sijaliona, bibi. Hawakuliandika."

"Umelitaja?"

"Nimelitaja."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kuchambua mboga zake. Baada ya muda akaanza kunitajia wenzake walioondoka naye siku ile, wanaume wanne wa kijiji kile kile. Sikuwahi kuwasikia hata siku moja. Nilitoa daftari nikaandika haraka haraka, nikamsomea, akanisahihisha mawili.

Basi ndugu msomaji, ombi langu ni dogo. Likizo hii ukienda kijijini, chukua kalamu. Muulize bibi au babu ni nani aliondoka wakati wa vita ya Mjerumani asirudi. Andika jina, na la baba yake, na kijiji. Wao wanayo yote kichwani, na kila mwaka wanapungua.

Tuko pamoja.